The Force Awakens au Rogue One: ukiwa na jioni moja tu, tazama ipi?

Mtu akishajua kwamba mimi ni shabiki wa Star Wars, swali linalofuata huwa ni lilelile: "Zile za zamani nimeziona. Hizi mpya nianze na ipi?" Anayeuliza hataki ratiba ya mwezi mzima. Anataka jina moja la filamu, akae aitazame, aone kama itamkolea. Majina yanayonijia ni mawili: The Force Awakens ya 2015 na Rogue One ya 2016. Zilipishana mwaka mmoja tu, na zote ni za enzi ya Disney, iliyoinunua kampuni ya Lucasfilm mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4. Zote pia zimejengwa juu ya filamu ileile, ile ya kwanza ya Star Wars, aliyoiongoza George Lucas mwaka 1977. Tofauti ni kwamba kila moja imekwenda kuchukua kitu kingine kabisa kutoka humo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama ile ya 1977 umeiona na una jioni moja tu, tazama Rogue One. Kama uko tayari kuendelea na filamu nyingine baada ya hiyo, au umekaa na mtu ambaye hajawahi kuona hata moja, weka The Force Awakens. Miisho sitaifichua, ila matukio machache ya njiani lazima niyataje, la sivyo hatutaelewana.

Rey na mkate wake

The Force Awakens inaanza kunishika pale tunapokutana na Rey, na Rey hasemi neno. Amefunika uso, ananing'inia kwa kamba ndani ya mzoga wa manowari ya anga ya Dola (utawala dhalimu wa filamu za zamani) iliyoanguka jangwani miaka mingi iliyopita, anang'oa vipuri. Anatoka nje, anateleza mchangani juu ya kipande cha bati, anakwenda kusugua vyuma vyake. Mbele yake yuko bibi kizee anayefanya kazi ileile, na Rey anamkazia macho kwa muda. Malipo ya siku nzima ni robo ya mgao: unga kidogo kwenye pakiti. Anaumimina majini na mkate unaumuka hapohapo. Mkate ule haukuchorwa kwa kompyuta. Mafundi walihangaika hadi wakapata namna ya kuufanya uumuke kweli mbele ya kamera. Anakula kwa pupa, analamba sahani, kisha anavaa kofia kuukuu ya rubani wa Waasi, wale waliopigana na Dola, na kukaa nje kutazama anga.

Ni dakika chache tu, lakini tayari tumeshamjua. Hana mtu, ana njaa, kuna anachokisubiri, na anaogopa kuzeekea hapo kama yule bibi. Hakuna mhusika aliyesimama kutueleza hayo. Muongozaji J.J. Abrams ana lawama zake nami nitazitaja, lakini utambulisho huu wa Rey nauweka juu ya utambulisho wowote katika filamu hizi tangu Luke Skywalker, shujaa wa ile ya 1977, alipoyatazama majua mawili yakizama.

Finn naye kapewa mlango wake. Ni askari aliyechukuliwa utotoni akafunzwa kuua kwa amri. Katika vita vyake vya kwanza mwenzake anayekufa anampapasa usoni na kumwachia michirizi ya damu kwenye kofia nyeupe. Kuanzia hapo, kati ya askari wote wanaofanana kama matofali, tunamjua yeye, na kabla hajavua kofia tumeshaanza kumhurumia.

Kisha kuna Kylo Ren wa Adam Driver, ambaye kwangu ndiye sababu kubwa kuliko zote ya kuitazama filamu hii. Wengi walitarajia Darth Vader mwingine, yule mwovu wa filamu za zamani. Walichopata ni kijana anayetaka kuwa Vader na anajua moyoni kwamba hatoshi. Akiletewa habari mbaya, anawasha upanga wake wa mwanga na kuucharanga mtambo mzima. Askari wawili wanaopita koridoni wanasikia kishindo, wanageuka, wanarudi walikotoka. Vader alitisha kwa utulivu. Huyu anatisha kwa sababu hajui atafanya nini dakika ijayo, na wala wewe hujui.

Ramani ya zamani

Upungufu wa The Force Awakens ni mkubwa, na shabiki akiuficha atakuwa hamtendei haki anayemuuliza. Roboti mdogo mwenye siri anatua jangwani. Kijana mpweke anamwokota. Wanakimbilia kwenye kilabu iliyojaa viumbe vya kila aina. Kuna silaha kubwa yenye uwezo wa kuangamiza sayari, na marubani wachache wanaifuata penye udhaifu wake. Aliyeiona ile ya 1977 anaweza kutabiri kituo kinachofuata kabla hakijafika. Silaha hiyo, Starkiller Base, ni Death Star (silaha ya Dola ya 1977) ya tatu kwa jina jipya na ukubwa zaidi, na ukubwa huo hauongezi hofu.

Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Filamu tatu za 1999, 2002 na 2005 ziliwagawa mashabiki vibaya, na mmiliki mpya alitaka kuwaambia watu kwamba nyumba ni ileile. Fedha zilimpa haki: filamu ilivuka dola bilioni 2 duniani kote. Ila kuelewa sababu hakuondoi uchovu wa kuona kitu ulichokwisha kuona.

Hapa ndipo ningependa uziweke filamu hizi mbili ubavuni mwa nyingine. Katika The Force Awakens mfumo mzima wa sayari unalipuliwa, na hatujawahi kutambulishwa kwa mtu yeyote anayeishi huko. Tunaona nyuso za sekunde mbili zikitazama juu, mwanga unakuja, basi. Katika Rogue One, Death Star yenyewe ya kale inajaribiwa kwa nguvu ndogo tu, na unaoharibiwa ni mji mmoja, Jedha. Lakini tumeshatembea katika mitaa ya Jedha. Tumeona mahujaji, wachuuzi, mtoto aliyekwama akilia katikati ya mapigano, na kipofu Chirrut Îmwe akiwaombea wapita njia. Mji mmoja unauma kuliko sayari tano, na Gareth Edwards, aliyeiongoza Rogue One, alilijua hilo.

Kinga ya steringi

Rogue One imetoka kwenye sentensi moja. John Knoll, bingwa wa picha za kompyuta aliyekuwa amefanya kazi na Lucasfilm kwa miaka mingi, aliyasoma yale maandishi ya manjano yanayopanda angani mwanzoni mwa filamu ya 1977, pale yanaposema kwamba wapelelezi wa Waasi wameiba ramani za Death Star, akajiuliza: hao walikuwa nani? Kwa hiyo matokeo unayajua kabla hujaketi. Ramani zitaibiwa. Usichokijua ni bei.

Sote tumekua na kanuni kwamba steringi hafi. Han Solo anamiminiwa risasi mia na hata nywele hazichafuki. Rogue One inaiondoa kinga hiyo mapema kabisa, na inaanza na upande wa wema. Tunapokutana na Cassian Andor, mpelelezi wa Waasi, yuko kichochoroni na mtoa habari wake, askari wa Dola wanakaribia, na njia pekee ya kutoroka ni kupanda ukuta. Mtoa habari ana mkono mbovu, hawezi kupanda. Cassian anamtuliza kwa maneno mazuri, kisha anamuua, ili akikamatwa asije akasema. Halafu anapanda peke yake. Huyu ndiye shujaa wetu. Diego Luna anaigiza sekunde zile kwa uso wa mtu aliyeshafanya hivyo mara nyingi na hajawahi kuzoea.

Jambo hilo lilibadilisha namna ninavyowatazama Waasi wa filamu za zamani. Kabla yake walikuwa watu wema wenye sare nzuri. Sasa najua kuna waliofanya kazi chafu ili Luke apate nafasi ya kuwa msafi.

Filamu inajibu pia swali lililosumbua watu kwa karibu miaka arobaini: silaha kubwa kiasi kile iliwezaje kuachwa na tundu linaloweza kuilipua yote? Jibu lake ni baba wa Jyn Erso, mhusika mkuu wa filamu: mhandisi Galen, aliyelazimishwa kuijenga akaamua kupanda kasoro ndani yake makusudi. Kilichoonekana kama uzembe wa waandishi kimegeuka kuwa kisasi cha mtu mmoja aliyevumilia miaka. Hii ndiyo maana ya kuongeza kitu kwenye hadithi ya zamani: ukirudi kuitazama ile ya 1977, inakuwa nzito zaidi.

Kasoro zake? Theluthi ya kwanza inarukaruka. Sayari baada ya sayari, majina yanaandikwa kwenye skrini, na kabla hujatulia umeshahamishwa. Saw Gerrera wa Forest Whitaker anaingia na historia nzima nyuma yake, na filamu haimpi nafasi ya kuisema. Jyn mwenyewe, pamoja na juhudi za Felicity Jones, anageuka kutoka mtu asiyejali lolote hadi kiongozi wa mapambano haraka mno. Inajulikana kwamba Tony Gilroy aliitwa baadaye kusaidia kuandika upya na kupiga picha za nyongeza, na mishono inaonekana. Ukimpima Jyn kwa Rey, Rey anashinda bila mjadala. Baada ya Rogue One watu hukumbuka walichofanya wahusika. Baada ya The Force Awakens huwakumbuka wahusika wenyewe.

Lakini ivumilie hadi ifike Scarif. Ufukwe wenye minazi na maji ya kina kifupi, uliopigwa picha Maldivi, unageuzwa uwanja wa vita, na juu yake manowari za anga zinapambana. Vita vya chini na vya juu vinategemeana: bila ngao kufunguliwa huko angani, walio ardhini hawawezi kutuma kitu. Wakati wowote unajua nani yuko wapi na anataka nini, jambo ambalo filamu nyingi za vita hushindwa. Na humo kati ya marubani wanatokea viongozi wawili wa vikosi ambao shabiki wa zamani atawashtukia: ni picha halisi zilizopigwa kwa ajili ya ile ya 1977 na hazikutumika, zikatolewa kwenye hifadhi na kuunganishwa na vita vya 2016. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilisimama.

Kuna pia Darth Vader. Lini na wapi, sitasema. Nitasema tu kwamba ni koridoni, taa zimezimika, na kinachotangulia ni pumzi. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba huyu anaogopwa na galaksi nzima; hapa, kwa muda mfupi tu, tunaelewa kwa nini.

Nyuso na muziki

Jambo moja The Force Awakens inaishinda Rogue One vibaya ni namna inavyowatendea wazee wake. Peter Cushing, aliyeigiza kamanda Tarkin mwaka 1977, alifariki 1994. Rogue One ilimrudisha kwa kompyuta, sura yake ikawekwa juu ya uigizaji wa Guy Henry. Ni kazi ya ufundi mkubwa, na kila anapozungumza nashindwa kusikia anachosema kwa sababu jicho langu limeganda mdomoni mwake. Nje ya ufundi, sipendi kuona marehemu akipewa maneno mapya ya kusema. Katika The Force Awakens, Harrison Ford, ndiye Han Solo, anaingia ndani ya chombo chake cha zamani, Millennium Falcon, akiwa mzee kweli, na mikunjo ya uso wake inafanya kazi ambayo hakuna kompyuta iliyoiweza. Miaka thelathini imepita ndani ya hadithi na nje yake pia. Anapokutana tena na Carrie Fisher, ndiye Leia wa filamu za zamani, hawahitaji kusema mengi.

Lupita Nyong'o yumo pia, sauti na mwendo wa Maz Kanata, kikongwe mwenye miwani ya madirisha. Napenda kazi yake lakini nililalamika tangu siku ya kwanza, na bado nalalamika, kwamba sura ile ilifichwa kabisa nyuma ya kompyuta. Na ukitega sikio kwenye mikutano ya marubani utamsikia Nien Nunb, yule rubani mwenye mashavu yaliyoshuka, akizungumza Kikuyu. Sauti ni ya Mkenya Kipsang Rotich, aliyeirekodi kwa mara ya kwanza kwa filamu ya 1983 na akaitwa tena kwa hii ya 2015.

Kwenye muziki sina haja ya kukaa sana. John Williams, mtunzi wa tangu 1977, alimtungia Rey wimbo ambao ukishauingiza kichwani hautoki. Rogue One ilikuwa ya kwanza katika filamu kubwa za mfululizo huu zenye waigizaji kuandikiwa muziki na mtu mwingine, Michael Giacchino, aliyepata takriban wiki nne na nusu tu za kutunga. Alichofanya kwa muda ule kinastahili heshima, lakini mizani inaelemea kwa Williams.

Baada ya hapo kuna nini?

Hili watu hulisahau wanapochagua, na kwangu lina uzito kuliko muziki au picha. Rogue One, yenye dakika 133, inaanza, inaisha, na haikudai kitu. The Force Awakens inakuacha na maswali ya makusudi: wazazi wa Rey ni nani, kwa nini Luke Skywalker alijificha, Kylo Ren ataishia wapi. Ukiichagua, umechagua safari.

Kituo cha pili cha safari hiyo ni The Last Jedi ya 2017, iliyoandikwa na kuongozwa na Rian Johnson, yenye dakika 152. Najua jina hilo linawasha moto popote mashabiki walipo. Mimi niko upande wake, na kwa moyo wote. Ni filamu pekee kati ya hizi mpya iliyothubutu kumuuliza Luke swali gumu, kwamba shujaa aliyeshindwa anafanya nini na aibu yake, na Mark Hamill hajawahi kuigiza vizuri kuliko humo. Tazama vita vya mwisho kwenye sayari ya Crait: uwanda mweupe wa chumvi, na kila chombo kinachopita kinakwangua weupe na kuacha mchirizi mwekundu kama jeraha. Mandhari yale yalichukuliwa Salar de Uyuni nchini Bolivia. Sehemu ya mji wa kamari inavuta muda, nakubali. Ila usije ukaanza na hii. Bila kumpenda Rey kwanza katika The Force Awakens, nusu ya uchungu wake utapita pembeni.

Kituo cha tatu, The Rise of Skywalker ya 2019, kilimrudisha Abrams, na kikatumia nguvu nyingi kurudi nyuma kutoka kwenye kila kitu Johnson alichokithubutu. Jibu alilopewa Rey kuhusu wazazi wake mwaka 2017 lilikuwa la kijasiri. La 2019 likalifuta. Hilo linaniuma hadi leo, na mtu anayeingia kwenye safari hii anastahili kuambiwa mapema kwamba mwisho wake hauko sawa na mwanzo.

Kwa watoto sina kigugumizi: The Force Awakens. BB-8, yule roboti wa duara kama mpira anayebingirika, alitengenezwa akaendeshwa kweli mbele ya waigizaji, na mtoto atamfuata yeye hata asipoelewa siasa za galaksi. Kuna tukio moja darajani ambalo litamtoa mtu machozi, basi kaa karibu. Rogue One mpe kijana aliyekwisha kuzoea kwamba wema nao hupoteza. Kicheko chake kinatoka karibu chote kwa K-2SO, roboti wa Dola aliyegeuzwa upande, asiyejua kusema uongo wa adabu.

Na ukichagua Rogue One, usiiweke kabla ya ile ya 1977, ingawa kwa mpangilio wa matukio inatangulia. Wapo mashabiki wanaoshauri hivyo, nami sikubaliani nao hata kidogo. Nguvu yake yote inategemea mambo unayoyajua tayari: Tarkin ni nani, ramani zile zitafanya nini, pumzi ile ni ya nani. Tazama 1977 kwanza, Rogue One usiku unaofuata, na ukiwa na nguvu iwashe tena ile ya 1977, hata kama ni dakika kumi za mwanzo tu, maana inaokota hadithi karibu palepale Rogue One inapoiachia.

Ikikukolea, nenda kwenye tamthilia ya Andor, vipindi 12 vya mwaka 2022 na 12 vya 2025, chini ya Tony Gilroy yuleyule, inayomfuata Cassian katika miaka ya kabla. Inaanza polepole, usiiache kabla ya kipindi cha tatu. Na kama ulichagua The Force Awakens na Rey akakushika, weka The Last Jedi mara tu utakapopata jioni nyingine, kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote kuihusu, pamoja na haya yangu.